Siku Mkuu wa Polisi wa Ushwari Aliposikia

Wengi mmesikia sifa za nchi ya Ushwari. Waliofika ni wachache, na miongoni mwao yumo Mwalimu Sikudhani Mbega, aliyekwenda huko likizo ya mwisho wa mwaka kumsaidia mdogo wake, Mwatumu, aliyekuwa anakaribia kujifungua mtoto wa kwanza. Haya ndiyo yaliyomkuta.

Safari yenyewe haina la kusimulia. Mambo yalianzia mpakani, kwenye kibanda kilichopakwa rangi nyeupe, ambako ofisa mmoja mpole sana alimpa kiti, akamuuliza habari za alikotoka, kisha akasema, "Una malalamiko yoyote, mama?"

"Malalamiko ya nini?"

"Ya aina yoyote. Huwa yanaachwa hapa. Ukirudi utayachukua."

Sikudhani akacheka, akidhani anataniwa. Ofisa hakucheka. Akabaki amemtazama kwa heshima, kalamu mkononi, mpaka yeye akaona aibu, akasema kiatu chake cha kushoto kinambana. Ofisa akamshukuru kwa dhati, akamfungulia lango. Juu ya lango palikuwa na kibao kikubwa: KARIBU USHWARI, NCHI ISIYO NA MHALIFU HATA MMOJA.

Na kwa kweli mji uliokuwa ng'ambo ya lango ulimpendeza. Barabara zilikuwa zimefagiwa, miti ya mikungu imepandwa pande zote mbili, watu wanaamkiana hata kama hawajuani. Kitu kimoja tu alikiona kigeni. Baiskeli na mikokoteni ya mji ule ilikuwa na majina yasiyolingana na shughuli. Mkokoteni ulioandikwa KAHAWA YA MZEE SONGO ulikuwa umebeba makaa. Baiskeli iliyoandikwa POSTA ilikuwa imefungwa matenga ya kuku. Sikudhani akajiambia kwamba hawa ni watu wa kuazimana, akazidi kuwapenda.

Mwatumu alimpokea mlangoni, tumbo mbele, uso umenenepa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mwanangu wee! Hebu nikuone. Shemeji yuko wapi?"

Mwatumu akaangalia kushoto na kulia kabla ya kujibu. "Ni mgeni wa serikali."

"Ameitwa wapi? Kwenye sherehe?"

"Ingia ndani kwanza, dada."

Ndani, Mwatumu akamweleza. Mumewe, Shomvi, alikuwa mwoka mikate, na mikate yake aliisambaza kwa guta, ile baiskeli ya magurudumu matatu yenye sanduku mbele. Asubuhi moja akaamka akakuta guta halipo. Majirani wote walimsihi anyamaze. Yeye hakuwa mzaliwa wa mjini, alitokea mashambani ambako watu walikuwa bado hawajaelimika. Akaenda polisi kusema ameibiwa. Akashikwa pale pale.

"Ameshikwa kwa kosa gani?" Sikudhani akauliza.

"La kuleta wizi."

"Wizi si ameletewa?"

"Sheria ya hapa inasema kosa huanza pale linapotajwa. Kabla Shomvi hajafika kituoni, nchi nzima haikuwa na wizi hata mmoja. Alipofika, ukawapo. Sasa nani kauleta?"

Mwatumu aliyasema haya bila kejeli, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Kisha akaweka mkono tumboni. "Wanamtaka aseme tu kwamba alisahau alipoliweka. Akisema hivyo anatoka leo leo. Hataki. Na mimi siku zangu zimefika, dada. Nitajifungua na baba yake yuko kule."

Sikudhani alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kuvuka uwanja wa shule bila kipaza sauti, ila siku ile alizungumza taratibu. Alimwandalia mdogo wake chai, akamsugua miguu iliyovimba, na kesho yake akaenda kituo cha polisi cha sokoni.

Alitarajia kumkuta shemeji yake amekonda nyuma ya nondo. Akamkuta jikoni kwa askari, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko, anakanda. Askari wawili walikuwa wamesimama karibu na jiko wakisubiri kwa hamu.

"Shemeji!" Shomvi akasema. "Samahani siwezi kukupa mkono. Mwatumu yuko vipi?"

"Anakusubiri. Kwa nini usiseme ulisahau, ukatoka? Ni maneno tu."

Shomvi akaendelea kukanda kwa muda. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, wa aina ambayo ukiiona unadhani itakubali lolote. "Guta lile nilimnunulia yeye," akasema. "Tulipooana nilimpandisha kwenye sanduku, nikampitisha mji mzima. Sasa nikisema sikuibiwa, aliyelichukua atakuwa ameliokota. Na mtoto akizaliwa akiniuliza, nitamwambia nini? Baba yako alisahau?"

Sajini wa kituo, mtu wa makamo, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mimi mwenyewe naliona guta lake kila siku pale njia panda ya sokoni," akasema. "Nampungia mkono anayeliendesha."

"Mbona humkamati?"

"Kwa kosa lipi, mwalimu? Hakuna wizi uliotokea. Shemeji yako ndiye anayesema upo, na yeye ndiye tumemshikilia."

Mkate uliokuwa ndani ya jiko ukaiva. Askari wakaugawana, wakampa na Sikudhani kipande, na akalazimika kukiri moyoni kwamba ulikuwa mkate mzuri kuliko alioula popote. Akautafuna, akauliza, "Nani anaweza kuyafungua haya?"

"Mkuu wa Polisi wa taifa," sajini akajibu. "Lakini kule hawaendi watu wenye shida."

Makao Makuu ya Polisi ya Ushwari yalikuwa jengo refu la mawe lenye bustani ya waridi. Ukumbi wa mbele ulikuwa wazi kwa raia, na wengi walikuwa wamekaa humo wakipunga upepo, kwa maana Kamati ya Maneno ilikuwa inaendelea na kikao chake. Sikudhani naye akakaa. Mjadala wa siku ile ulihusu nyumba iliyochomwa moto upande wa kaskazini. Mjumbe mmoja alipendekeza taarifa iseme nyumba imepata joto. Mjumbe mwingine, bwana mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, akapinga kwamba neno joto litatia watu hofu wakati wa kiangazi. Afadhali isemwe nyumba imebadilika. Mama mmoja aliyekaa nyuma akauliza kuhusu watu waliokuwa wakiishi ndani. Mwenyekiti akamjibu kwa upole kwamba watu hawamo kwenye ajenda. Wakapiga kura, na nyumba ikawa imebadilika.

Baadaye Sikudhani alipokewa na Inspekta Tamimu, msimamizi wa njia ya kwenda kwa Mkuu. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye adabu, asiyemkatiza mtu maneno. Akamwagizia chai na visheti, akamweleza utaratibu kwa fahari.

"Kila taarifa inapita vyumba hivi," akasema, akionyesha mlolongo wa milango iliyofuatana kwenye korido. "Kila chumba kinaipunguza ukali kidogo. Juzi tulipokea kwamba mtu amepigwa na kundi la watu. Chumba cha kwanza wakaandika amekutana na kundi la watu. Chumba kilichofuata wakaandika ametembelewa. Ilipofika kwa Mkuu, ilikuwa salamu kutoka kwa familia."

"Na aliyepigwa mwenyewe?"

"Mkuu alifurahi sana. Akajibu salamu."

"Kwa nini mnamfanyia hivyo?"

Tamimu akashangaa kuulizwa. "Kwa sababu tunampenda, mwalimu. Sheria yetu iko wazi. Mkuu wa Polisi akisikia habari ya kosa, maana yake amani imevunjika akiwa yeye mlinzi wake. Anahesabika ameshindwa kazi, na jua likizama siku hiyo si Mkuu tena. Aliyemtangulia huyu alisikia mtu akipiga kelele za mwizi nje ya dirisha. Jioni ile ile akarudi kwao kulima vitunguu. Toka siku hiyo vioo vya ofisi tumevibadilisha, havipitishi sauti wala sura. Hatutaki huyu naye apotee. Ni mzee mzuri sana. Kazi yetu ni kumlinda."

"Na nini?"

"Na habari."

Sikudhani akaweka kikombe chini. Alikuwa amejiandaa kukutana na watu wabaya, akakuta watu wema kwenye utaratibu mbaya. Akauliza kama kuna raia yeyote anayeruhusiwa kumwona Mkuu. Tamimu akasema wapo, tena wengi: kila siku baada ya swala ya adhuhuri mlango hufunguliwa kwa wanaokwenda kumpongeza.

"Basi na mimi nataka kumpongeza."

"Karibu sana," akasema Tamimu, na uso wake ukachangamka.

Akiwa kwenye foleni, Sikudhani hakuwa na raha. Alikuwa anakwenda kumharibia mtu kazi, mzee asiyemjua, ambaye kila mtu alimsema vizuri. Alipanga kuomba tu huruma bila kutaja kosa. Akajaribu kichwani, na kila sentensi aliyoianza iliishia kwenye guta.

Mkuu wa Polisi wa Ushwari aliitwa Fikirini Manda. Alikuwa mzee mnene wa wastani, nishani zimempanda kifuani mpaka karibu na shingo, amekaa nyuma ya meza kubwa isiyokuwa na kitu juu yake. Nyuma yake palikuwa na dirisha la kioo kizito kilichoingiza mwanga mweupe tu. Watu waliomtangulia Sikudhani walimpongeza kwa amani, kwa hali ya hewa, na mmoja kwa mavuno ya maembe. Mkuu alimjibu kila mmoja, "Nashukuru, nashukuru." Aliwajibu kwa wema, lakini kwa sauti ya mtu aliyekwishashiba anayeongezewa chakula.

Zamu ya Sikudhani ilipofika, akamwamkia. Mkuu akaitikia, akaona mavazi yake si ya pale.

"Wewe mgeni. Unafanya kazi gani kwenu?"

"Mwalimu, Mheshimiwa. Shule ya msingi."

"Watoto wa kwenu wanapigana?"

"Sana."

Mkuu akasogeza kiti mbele. "Wakipigana unafanyaje?"

"Nawaita, nawauliza kuna nini."

"Unawauliza kuna nini," mzee akarudia taratibu. "Mimi nilianza kazi kama askari wa kata, huko Mabondeni. Mbuzi walikuwa wakipotea, mipaka ya mashamba inasogezwa usiku, watu na wake zao. Kutwa nzima nilikuwa nauliza swali hilo hilo. Jioni miguu inaniuma, nalala kama gogo." Akaangalia meza yake tupu. "Siku hizi silali sana."

Inspekta Tamimu, aliyesimama kando ya mlango, akakohoa. "Mwalimu amekuja kupongeza, Mheshimiwa."

"Ni kweli," Sikudhani akasema. Na hapo, pengine kwa sababu ya yale maneno ya kutolala, woga ukamtoka. "Nakupongeza, Mheshimiwa, kwa askari wako wa kituo cha sokoni. Ni watu wakarimu, wamempa shemeji yangu jiko la kuokea mikate."

"Nashukuru. Mikate kituoni? Kwa nini asiokee kwake?"

"Nakupongeza pia kwa subira ya shemeji yangu, ambaye mkewe yuko katika siku za kujifungua, na yeye bado ni mgeni wenu."

Tamimu akapiga hatua mbele. "Mwalimu..."

"Mwache," Mkuu akasema bila kugeuka. "Anapongeza."

"Nakupongeza zaidi kwa macho ya sajini wako, anayeliona kila siku guta la shemeji yangu likipita njia panda, na kumpungia mkono anayeliendesha."

Waliokuwa nyuma kwenye foleni waliacha hata kupiga chafya. Mkuu alikuwa amekaa wima sasa, mikono yake imeshika ukingo wa meza, na uso wake, uliokuwa umelegea, ukaanza kupata mistari yake ya zamani.

"Mwalimu," akasema, "kabla hujaendelea. Unaijua sheria yetu?"

"Nimeelezwa."

"Neno moja likitoka kinywani mwako likaingia sikioni mwangu, leo jioni mimi si Mkuu."

"Ndiyo maana nimelizunguka, Mheshimiwa. Sikuja kukufukuzisha kazi. Nimekuja kwa ajili ya mdogo wangu. Ukiniambia ninyamaze, nitanyamaza, nitaondoka."

Mzee akacheka, kicheko kifupi kilichomshtua mwenyewe. Akainuka, akaenda kwenye lile dirisha, akaweka kiganja kwenye kioo kana kwamba anataka kujua nje kuna joto au baridi. Tamimu alikuwa akimnong'oneza, "Mheshimiwa, tafadhali, Mheshimiwa," kwa sauti ya mtu anayemzuia mzazi wake asivuke barabara.

"Litaje," Mkuu akasema.

Sikudhani akalitaja. "Shemeji yangu ameibiwa guta lake. Akaja kwenu kusema, mkamfunga."

Hakupaza sauti, lakini sauti yake ni ile ile ya uwanja wa shule, na neno *ameibiwa* likatoka ofisini, likapita vyumba vyote vya korido bila kulainishwa na yeyote, likafika ukumbini, ambako Kamati ya Maneno iliacha kupiga kura.

Mkuu akachukua kofia yake. "Jua bado liko juu," akasema. "Mpaka lizame mimi ni Mkuu wa Polisi. Twende."

Watu wa Ushwari walikuwa hawajawahi kumwona Mkuu wao kwa miguu. Walimjua kwa picha. Sasa wakamwona anakata mtaa, nishani zinagongana kifuani, pembeni yake mwanamke mgeni, nyuma yao Inspekta Tamimu akikimbia na mwavuli ambao hakuna aliyeuomba. Walioachwa kwenye foleni ya pongezi wakafuata. Wa ukumbini nao wakafuata.

Njia panda ya sokoni wakalikuta guta. Lilikuwa na maneno MIKATE YA SHOMVI ubavuni, na ndani ya sanduku kulikuwa na kuni. Aliyeliendesha alikuwa bwana mmoja mwenye mvi aitwaye Kirobo. Alipoona kofia ya Mkuu alishuka mwenyewe, akasimama kama mtu aliyekuwa akingojea siku hiyo.

"Guta hili la nani?" Mkuu akamuuliza.

"La mwoka mikate, afande."

"Wewe umelipataje?"

Kirobo akatazama umati, akatazama chini. "Nimeiba, afande." Na baada ya kulisema akashusha mabega, kana kwamba ametua mzigo.

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na mkokoteni wangu. Uliibiwa. Bila chombo siuzi kuni, na nisipouza kuni wajukuu hawali."

"Mbona hukuja kutuambia?"

"Ningekuja, afande, ningekuwa mgeni wenu. Wajukuu ningemwachia nani?"

Mkuu alimwambia asukume guta, aandamane nao, na aonyeshe ulipo mkokoteni wake. Kirobo hakuhitaji kufikiri. Alikuwa anaujua siku nyingi. Ulikuwa kwa seremala mmoja mtaa wa pili, umejaa mbao. Seremala naye akakiri bila kusumbua. Aliuchukua kwa sababu baiskeli yake ya kupelekea viti ilichukuliwa. Ilichukuliwa na nani? Seremala akaingiwa na woga, akamtazama Tamimu.

"Sema," Mkuu akamwambia. "Leo ndiyo siku yake."

"Iko kwenu, afande. Makao Makuu. Ile siku ya maandamano ya kombe la amani, lile nchi yetu ililoshinda, askari walihitaji kitu cha kubebea kombe. Wakasema wanaazima."

Umati ulikuwa mkubwa kufikia hapo, na kicheko kilichozuka kilianzia nyuma kikaja mbele, hakikuwa cha dharau, kilikuwa cha watu waliobanwa muda mrefu. Katikati ya kicheko kile mama mmoja akapaza sauti kwamba na yeye, tangu masika, hana karai lake la kufulia. Mwingine akasema mlango. Mlango mzima, na bawaba zake. Na hapo kila mtu akaanza kusema, kwa sauti, kwa mara ya kwanza, kilichopotea na kwa nani kilipo, maana wote walijua. Hata Inspekta Tamimu, mwavuli ukiwa umefungwa mkononi, akamsogelea Mkuu wake akasema polepole, "Na cherehani ya mama yangu, Mheshimiwa. Sikuweza kusema."

"Kuna nini na cherehani ya mama yako?" Mkuu akamuuliza, akainamisha sikio.

Mchana ule wote Fikirini Manda alifanya kazi. Alikaa kwenye kiti cha kuazima mbele ya duka la seremala, akawasikiliza watu mmoja baada ya mwingine, akauliza, akabishana, akaamuru hiki kirudi kwa fulani, akawaagiza Kirobo na seremala wafike kwa hakimu Jumatatu. Walimpelekea hakimu habari, naye kwa miaka mingi alikuwa hana kesi, anafuga njiwa. Inasemekana aliingia ndani kutafuta miwani yake. Mitaani baiskeli zilikuwa zikienda na kurudi, zikipishana na mikokoteni, kila kitu kikitafuta mlango wake. Watu walirudishiana vitu kwa aibu, na wengine kwa chai. Zilizuka ngumi mahali pamoja. Mkuu alikwenda mwenyewe kuziamua, akarudi kofia imekaa upande, anahema, macho yanang'aa.

Sikudhani alimtazama akafikiri juu ya wanafunzi wake siku ya mwisho wa muhula.

Jua lilipokaribia kuzama, wakaenda kituoni. Shomvi alitoka jikoni na unga wake.

"Wewe ndiye uliyeibiwa?" Mkuu akamuuliza.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Niliibiwa."

"Uliibiwa. Guta lako liko nje. Nenda nyumbani, mkeo anakungoja."

Shomvi alichukua mkono wa mzee kwa mikono yake miwili, akaupaka unga wote, akaenda. Askari wa kituo walisimama mlangoni wakimtazama kwa huzuni ya kweli, mpaka akageuka kule mbele akawapigia kelele kwamba kesho atawaletea mikate ya moto.

Mkuu akabaki barabarani. Jua lilipotoweka nyuma ya mapaa, akavua kofia, akampa Tamimu. Tamimu akarudisha mikono nyuma kama aliyepewa kaa la moto. Basi mzee akaiweka juu ya ukuta wa kituo, akaondoka akitembea polepole, akilalamika kwamba miguu inamuuma. Hakuna aliyewahi kusikia mtu akilalamika kwa furaha namna ile.

Mwatumu alijifungua kesho yake asubuhi, mtoto wa kike, salama. Shomvi alitaka jina la mtoto litokane na guta. Dada na mdogo mtu walimkataza kwa sauti moja, wakakubaliana wamwite Salama, kwa jina la bibi yao mzaa mama.

Kuhusu ofisi ya Mkuu, Bunge la Ushwari lilijadili kwa muda mrefu. Wengine walisema apatikane mtu mwingine haraka, milango iongezwe. Lakini sasa nchi nzima ilikuwa inasema mambo yake barabarani, na kila aliyefuatwa apewe kile kiti aliona kwamba angekikalia asubuhi na kukiacha jioni. Wakakifuta kile kifungu cha sheria kwa kukosa mtu, na kile cha kosa kuanza pale linapotajwa kikafutwa pamoja nacho, kwa kuwa vilikuwa ukurasa mmoja. Fikirini walimwomba arudi. Akakataa ofisi ya juu, akaomba kaunta ya kituo cha sokoni, pale mtu anapoingia kutoka barabarani na shida yake. Inspekta Tamimu ndiye aliyepandishwa kuwa Mkuu. Wanasema amevunja kile kioo, ila bado ana tabia ya kukohoa habari mbaya inapoingia.

Sikudhani alirudi kwao shule zilipofunguliwa. Haukupita muda, magazeti ya nchi jirani yakaandika kwa herufi kubwa kwamba Ushwari imeharibika. Nchi iliyokuwa ya kwanza kwa amani imekuwa ya mwisho. Kutoka kukosa uhalifu kabisa, sasa wizi unaripotiwa kila kukicha. Wataalamu wanashangaa ni balaa gani limeingia ghafla. Walimu wenzake walikata kurasa zile wakamletea kwa huruma. Mwalimu mkuu alimwita faraghani, akamshauri amtoe mdogo wake kule kabla hali haijawa mbaya zaidi.

Sikudhani akampigia simu Mwatumu. Alisikia mtoto akilia, na Shomvi akiimba vibaya ili kumbembeleza.

"Hamjambo huko? Naona mnaandikwa."

"Hatujambo, dada. Juzi tumeibiwa kuku. Wote, na jogoo."

"Mungu wangu. Mkafanyaje?"

"Shomvi akaenda kituoni kusema. Mzee Fikirini akaandika, akaja mwenyewe na askari wawili. Wakaangalia banda, wakauliza majirani, wakapima nyayo kwa kijiti."

"Wamempata aliyeiba?"

"Bado," Mwatumu akasema, na dada yake akasikia kabisa kwamba anatabasamu. "Lakini walikuja."